Rejista ya Makosa

Mchwa wa Lamu hawana upendeleo:
wamekula pembe za sheria, wamekula
katikati ya majina.
Naibu msajili amenipa kalamu mpya na agizo moja,
nakili kama ilivyo,
nami tangu Jumatatu napiga chafya ghorofani, stoo ya mahakama,
juu ya makosa ya watu waliokwisha kuzikwa.

Kitabu cha kwanza hakina jalada.
Aliyeiba nazi za Bi Mwanasiti wa Mkomani
alirudisha ishirini, akaongeza mbuzi;
walikula wali pamoja, shauri likafa.
Aliyemng'oa mtu jino kule Langoni
alilipa bei ya jino.
Siku hizo kosa lilikuwa na mwenyewe, kama punda:
ukilikuta kichochoroni unajua la nani,
unalipeleka mlangoni kwake.

Sisemi ilikuwa pepo.
Ukurasa wa arobaini na moja:
Farijala, mtumwa wa
(jina la bwana limeliwa).
Kosa: kukimbia.
Alikuwa ameiba nini? Miguu miwili,
mgongo, na usingizi wa usiku mmoja,
vyote mali ya mtu.
Nyumbani tulifundishwa kusema babu wa babu yetu alihama.

Kitabu cha pili kina mihuri.
Sheria imeshuka forodhani kutoka Bombei
pamoja na magunia ya mchele,
imeshonwa kwa kiwiliwili kingine,
tukaambiwa tuvae tu, itatukaa.
Ndipo Serikali iliposema: huyo punda ni wangu.
Mbuzi wa fidia akawa faini,
faini ikaingia kasha lenye kufuli,
na aliyeibiwa akaitwa shahidi wa kwanza,
akala kiapo, akarudi nyumbani bila nazi.
Na humo humo, kwa mwandiko mwembamba ulioinama:
amekamatwa akiuza mtu; kifungo, kazi ngumu.
Kutoka kosa la kukimbia
hadi kosa la kumfunga anayekimbia
ni kurasa ninazozishika kwa vidole viwili.

"Karani! Mkalimani hajafika. Shuka!"

Kizimbani yumo Kombo Shali wa Matondoni.
Mapau kumi na moja ya mkoko, bila kibali.
Babu yake aliyauza hayo hayo kwa korija;
risiti yake nimeigusa asubuhi, ina stempu ya mfalme.
(Najua, najua: mikoko ikiisha
bahari nayo itaingia Matondoni bila kibali.)
Hakimu anasema, muulize, anakubali kosa?
Kombo ananitazama mimi, hamtazami yeye:
"Nimekosa. Nimekosa mapau ya kuezekea, na mvua i karibu."

Lugha yetu haina huruma.
Imewapa mwenye shida na mwenye hatia
kitenzi kimoja, wavae kwa zamu.
Nimetafsiri sentensi ya kwanza.
Ya pili ilikuwa bado mdomoni mwangu
na hakimu alishafunika kalamu.

Nimerudi juu. Nakili kama ilivyo.
Namba: nimenakili.
Jina: Farijala, kwa herufi kubwa,
nimelikoleza wino.
Bwana: pengo, kama lilivyo.
Kosa:

Kalamu imesimama hapo mpaka adhana ya alasiri.
Kisha nimefunga kitabu, nikanawa mikono,
vumbi la majina likateremka na maji.

Wakiniuliza, nitasema mchwa.
Kifungu cha kuharibu kumbukumbu nakijua kwa namba,
na mwaka kilipozaliwa.